Upepo wa tairi kwenye mashindano ya wapenzi wa magari: nianze na psi ngapi?

KonaYaAthi ameuliza:

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mgeni katika mchezo huu, na gari langu ni Toyota Starlet ya injini ya lita 1.3 inayovutwa na magurudumu ya mbele, yenye uzito wa takriban kilo 900 kabla sijaingia mimi. Nimeifunga matairi ya kawaida ya barabarani ya saizi 185/60 R14, kwa sababu yale laini ya mashindano bado yako mbali na mfuko wangu.

Jumapili iliyopita nilishiriki kwa mara ya pili mashindano ya kushindana na saa kwenye uwanja wa lami kule Athi River. Niliondoka nyumbani Embakasi kukiwa bado na giza, nikapitia kituo cha petroli kilichoko Barabara ya Mombasa, na hapo nikajaza psi 32 kwenye matairi yote manne, kwa kuwa ndicho kiwango ninachotumia siku zote kwenda kazini. Raundi mbili za kwanza gari lilikuwa zuri. Kufikia raundi ya nne, jua likiwa limeshapanda, nilikata usukani na mbele ikaendelea kusukuma kuelekea nje, kana kwamba lami imemwagiwa mafuta. Mshiriki mmoja aliniambia nitoe upepo hadi 26, na mwingine, aliyekuwa amesimama karibu naye, akasema huo ni upuuzi na kwamba niongeze hadi 40. Nilimfuata wa kwanza, nikatoa upepo wa matairi ya mbele papo hapo hadi geji ikasoma 26. Matokeo yake ni kwamba usukani ulilegea, gari likawa linachelewa kuitikia kila nilipogeuza, na niliporudi kuegesha nikakuta tairi la mbele la kushoto limekwanguka hadi kwenye maandishi ya ubavuni.

Ningependa kujua kiwango sahihi kwa gari kama hili ni kipi. Aidha, nimeambiwa kwamba kwa sababu Nairobi iko juu sana kuliko Mombasa, viwango vinavyotajwa na watu wa pwani havitufai sisi, na kwamba tatizo lote litakwisha nikijaza naitrojeni. Je, ni kweli?

MamaGeji amejibu:

Kaka, hakuna mtu ambaye hajalishika gari lako anayeweza kukutajia psi moja na ikawa sahihi, lakini jibu unaweza kulipata mwenyewe kwa asubuhi moja, ukiwa na geji yako, daftari na kipande cha chaki. Kabla ya hapo, tuyaangalie yaliyokupata Jumapili, kwa maana naona mlikuwa watu watatu mnaozungumzia vitu vitatu tofauti huku mkitumia nambari za aina moja.

Zile psi 32 ulizijaza alfajiri, tairi likiwa baridi. Tuseme hewa ilikuwa nyuzi 14. Baada ya raundi nne na jua la saa nne, hewa iliyo ndani ya tairi inaweza kufika nyuzi 50 bila shida yoyote, na ikifika hapo tairi lile lile ambalo hukuliongeza chochote litasoma kati ya 37 na 38. Kwa hiyo ulipoanza kusukuma kuelekea nje, hukuwa tena kwenye 32. Ulikuwa umebebwa hadi karibu 38, tairi limevimba katikati, na mabega yake hayakanyagi lami inavyopasa. Yule aliyekwambia utoe upepo hakukosea kuhusu upande wa kuelekea, ila hakukueleza kwamba kutoka hapo hadi 26 si kupunguza psi 6 bali ni kupunguza zaidi ya 11. Ulitoka kwenye tairi lililojaa kupita kiasi ukaingia kwenye tairi lililolegea, ukapita katikati bila kusimama. Na jioni ulipoondoka uwanjani, matairi yalipopoa, mbele ulikuwa na psi 22 na kidogo. Natumaini ulijaza kabla ya kuingia Barabara ya Mombasa na malori yake.

Kiwango cha kufuatilia ni kile cha tairi likiwa moto, kinachopimwa mara tu unaporudi kutoka kwenye raundi. Kile cha asubuhi unakitafuta kwa kurudi nyuma kutoka hapo. Kwa gari jepesi linalovutwa na magurudumu ya mbele, kwenye lami na kwa matairi ya barabarani, mimi ningeanza kwa kulenga 34 mbele na 33 nyuma, matairi yakiwa moto, kisha nibadilishe psi 1 au 2 kwa wakati mmoja na kuangalia saa inasema nini. Ukitaka kuipata hiyo 34, alfajiri yenye nyuzi 14 utajaza takriban 29. Ukifika saa sita mchana na matairi yamepumzika hadi nyuzi 26, utajaza karibu 30 na nusu. Hapo utaona kwa nini watu wawili wenye magari yanayofanana wanaweza kubishana siku nzima kuhusu nambari, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Chaki nayo ni hivi. Chora mistari mitatu au minne kutoka sehemu inayokanyaga lami, ipite kwenye bega la tairi, hadi ubavuni, kisha uende raundi moja bila kujionea huruma. Angalia ukingoni mwa bega la tairi lako. Matairi mengi yana pembetatu ndogo iliyochongwa pale. Chaki ikifutika hadi kwenye ncha ya pembetatu hiyo na kukomea hapo, uko pazuri. Ikifutika kuipita na kuingia kwenye maandishi, kama ilivyokutokea, tairi linajikunja kwenye kona na linahitaji upepo zaidi. Ikibaki nyeupe kabla ya kufika kwenye bega, punguza. Ni kipimo cha shilingi kumi, na sijaona cha kukishinda kwa mtu anayeanza.

Ukipata wa kukuazima kipimajoto cha sindano, kile kinachodungwa kwenye mpira wenyewe, pima ndani, katikati na nje ya kila tairi katika dakika ya kwanza baada ya kusimama. Katikati pakiwa na joto kuliko pande zote mbili, upepo umezidi. Pande mbili zikiwa na joto kuliko katikati, umepungua. Upande mmoja tu ukiwa na joto sana, hilo si suala la upepo bali la mwinamo wa gurudumu, ambao mafundi wetu wa Kirinyaga Road huuita kemba, na hutalitibu kwa pampu. Vile vipimajoto vya kumulika kwa mwanga mwekundu husoma ngozi ya nje tu, na ngozi hiyo hupoa wakati ungali unatoka uwanjani.

Jambo la mwisho ni geji. Mwaka jana tuliweka geji tatu kwenye vali moja, moja baada ya nyingine, na zikasoma 31, 33 na 34 na nusu. Ya kwanza ilikuwa imeangushwa kwenye sakafu ya simiti, na mwenyewe hakuona sababu ya kulitaja jambo hilo hadi tulipomuuliza. Nunua geji moja, uiweke ndani ya soksi kwenye sanduku la vifaa, na usitumie nyingine, wala usiamini ile ya kituo cha petroli ambayo inakanyagwa na magari tangu asubuhi.

MzeeWaMurram amejibu:

Nakubaliana na dada yangu kwa karibu yote, ila nina mambo mawili.

La kwanza ni hiyo nyuma. Wengi watakushauri upandishe upepo wa nyuma hadi 38 au 40 ili mkia uzunguke kwa urahisi na mbele iache kusukuma. Ni kweli kwamba inafanya kazi, na wazoefu wa magari yanayovutwa mbele huitumia mbinu hiyo sana, kwa sababu nyuma ya gari kama Starlet ni nyepesi na haibebi kazi kubwa. Lakini mtu ambaye anashiriki kwa mara ya tatu, akiingia kwenye kona kwa kasi kisha akashtuka na kuachilia mafuta ghafla, uzito unakimbilia mbele na mkia ulionyimwa mshiko unatupwa nje kabla hajajua kilichotokea. Nimeshuhudia gari likigeuka na kutazama lilikotoka kwa sababu hiyo tu. Anza na nyuma iliyo karibu sawa na mbele, jifunze kuingia kwenye kona bila kuogopa, halafu ndipo upandishe psi 2 na uone.

La pili ni kwamba hujatuambia kama utakuja pia kwenye mashindano yetu ya vumbi. Ukija, usichukue nambari za lami uzilete kwenye murram. Kuna imani kwamba kwenye vumbi unatoa upepo hadi tairi lilale, na imani hiyo inatoka kwa watu wanaoendesha kwenye mchanga mtupu. Murram yetu ina mawe. Tairi lenye psi 20 likigonga jiwe kwa kasi, ubavu unabanwa kati ya jiwe na rimu, na unapata mipasuko miwili iliyolingana kama aliyeng'atwa na nyoka, na mara nyingine rimu nayo inapinda. Tangu mwaka 1953, mashindano ya magari ya Safari Rally yalipoanza, mawe yamekuwa yakiwafundisha madereva somo hilo hilo, wakiwemo waliokuja kutoka Ulaya na magari ya kiwandani. Kwa gari la kilo 900 na matairi ya kawaida mimi hubaki kati ya 26 na 30 kwenye murram kavu, na mahali penye mawe mengi napanda badala ya kushuka, hata kama napoteza sekunde moja.

Na zile psi 40 za yule bwana wa pili, kabla ya kuzijaribu soma ubavuni mwa tairi lako. Pameandikwa kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa, mara nyingi 44 au 51. Hicho ni kikomo, si pendekezo. Pendekezo la matumizi ya kawaida liko kwenye kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva, nalo limeandikwa kwa ajili ya matairi ya saizi iliyotoka kiwandani.

Mwalimu_wa_Fizikia amejibu:

Naomba nilijibu lile swali la Nairobi na Mombasa, kwa kuwa linaulizwa kila mara na majibu yake huwa ya kubahatisha.

Geji haipimi mgandamizo wote ulio ndani ya tairi. Inapima tofauti kati ya ndani na nje. Mombasa hewa ya nje inasukuma kwa psi 14.7. Nairobi, tulipo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, inasukuma kwa takriban psi 12. Kinacholibeba gari na kulifanya tairi liwe gumu ni hiyo tofauti, kwa hiyo psi 34 za Nairobi zilizosomwa kwenye geji zinafanya kazi sawa na psi 34 za Mombasa, na nambari ya mtu wa pwani haikosi kufaa kwa sababu ya mwinuko. Shida inakuja pale tu unapojaza mahali pamoja na kukimbia mahali pengine.

Chukua mtu aliyejaza 32 Mombasa kukiwa na nyuzi 30, kisha akapanda nalo hadi Nairobi. Mgandamizo kamili ndani ya tairi ni 32 ukijumlisha 14.7, yaani 46.7. Akilala Nairobi na kuamka asubuhi yenye nyuzi 14, tunazidisha kwa uwiano wa joto, tukiwa tumeongeza 273 kwenye kila kipimo cha nyuzi: 46.7 mara 287 gawa kwa 303, tunapata 44.2. Tukiondoa psi 12 za hewa ya Nairobi, geji inasoma 32.2. Mwinuko ulimwongezea karibu psi 3 na baridi ikazichukua zote, naye ataapa kwamba mwinuko hauna athari. Lakini tairi lile lile, likikaa kivulini hadi saa nane mchana kwa nyuzi 26, litasoma 34, na hapo ndipo mabishano yanapoanza upya. Kutoka jijini hadi Athi River, ambako unashuka mita 200 hivi tu, tofauti haifiki hata nusu ya psi, kwa hiyo usisumbuke nayo. Kwa hesabu hiyo hiyo, kwa tairi lenye psi 30 hapa kwetu, kila nyuzi 7 za joto zinazoongezeka huleta psi 1 hivi.

Kuhusu naitrojeni, hewa unayoivuta sasa hivi tayari ni asilimia 78 naitrojeni, na hewa kavu hupanda na joto kwa kiwango kile kile kama naitrojeni tupu. Faida ya mtungi wa naitrojeni ni kwamba ni kikavu. Mkosaji ni maji. Kompresa ambayo tangi lake halijamwagwa maji hutia ukungu ndani ya tairi, na maji hayo yakigeuka mvuke tairi linapofika nyuzi 50 yanaweza kuongeza hadi psi 1 na nusu juu ya ile ongezeko ya kawaida, tena kwa namna isiyotabirika kati ya tairi moja na jingine. Bonyeza sindano ya vali kwenye kiganja chako. Ukihisi unyevu, toa upepo wote na ujaze upya kwenye kompresa ya mtu anayemwaga maji kila asubuhi. Hiyo haigharimu chochote.

KonaYaAthi amejibu:

Nawashukuru sana, na hasa kwa kunifungua macho kuhusu zile psi 22, kwa sababu ni kweli niliendesha hivyo hadi nyumbani nikidhani usukani mzito ni uchovu wangu.

Jumamosi kulikuwa na siku ya mazoezi, nikaenda na geji mpya, chaki na daftari la mwanangu. Nilipima saa moja asubuhi gari likiwa chini ya mti, joto likiwa nyuzi 16, nikaweka 29 mbele na 31 nyuma. Nilitaka kupima tena baada ya kuegesha juani kwa nusu saa, na nikagundua kwamba matairi ya upande uliopigwa na jua yalikuwa yamepanda psi 1 kabla sijawasha injini, kwa hiyo sasa naegesha nikiwa nimetazama jua, si ubavu.

Baada ya raundi tatu mfululizo, mbele kushoto ilisoma 35, mbele kulia 33, na nyuma zote mbili kati ya 32 na nusu na 33. Muda ulikuwa sekunde 71.8. Nilipoishusha ya kushoto hadi 34 nikapata 70.6, na chaki ikafutika hadi kwenye ncha ya pembetatu ile, sawasawa na alivyoeleza MamaGeji. Nilipiga magoti pale kuitazama hadi watu wakaniuliza kama nimepata pancha. Nikawa na tamaa, nikashusha zote mbili za mbele hadi 32. Muda ukarudi 71.1 na chaki ikaliwa hadi ubavuni. Nyuma sikuigusa, kama alivyoshauri Mzee.

Kinachonitatiza ni hiyo tofauti ya kushoto na kulia. Nilianza na 29 pande zote mbili. Je, vali ya kulia inavuja, au geji mpya nayo imeshaanza kunidanganya?

MamaGeji amejibu:

Hakuna kinachovuja. Tulivyouzunguka uwanja Jumamosi, kona ndefu zilikuwa za kulia, na kwenye kona ya kulia uzito unalalia magurudumu ya kushoto, kwa hiyo ndiyo yanayofanya kazi na kupata joto. Ya kushoto imepanda psi 6 na ya kulia psi 4. Safari ijayo anza na 28 kushoto na 30 kulia, na zote zitakutana karibu na 34 zikiwa moto, bila wewe kupoteza raundi ukitoa upepo. Uwanja ukigeuzwa na kukimbiwa kwa upande mwingine, geuza na hizo nambari pia.

Andika kwenye daftari joto la asubuhi kando ya kila kipimo, maana 28 ya Julai si 28 ya Februari. Na kabla ya kutoka getini rudisha yote manne kwenye kiwango cha barabarani. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari inatosha, na mimi huwa nayo, ukinikuta pale karibu na mahema.